Waliouandika Mfumo

Saa mbili na robo asubuhi, karani wa masjala, ambaye jengo zima lilimwita Bi Masjala, alikuwa ameinamia kompyuta yake hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Macho yalikuwa yanamwishia. Kwa miaka minne alikuwa amewaandikia wauzaji wa mfumo wa kompyuta wa kulipia akiomba herufi kubwa zaidi, na kila mara walimjibu kwa namba ya kusubiri. Barua ya kumstaafisha mapema ilikuwa tayari kwenye droo ya Mkurugenzi. Bi Masjala hakuwa na mpango wowote wa kustaafu.

Mwezi huo fundi wa kompyuta, bwana mwenye mvi na subira iliyokwisha, alipata ruhusa ya majaribio. Akafuta kompyuta zote arobaini za kampuni hiyo ya kusafirisha mizigo, akaweka mfumo huria, ule ulioandikwa na watu wengi wa nchi nyingi wakauacha wazi, kila mtu auone na aurekebishe. Chini ya kioo palikuwa na nafasi ya kueleza tatizo. Bi Masjala akaandika: sioni.

Kesho yake saa nne, mlango wa stoo ya karatasi ulifunguliwa kwa ndani. Akatoka mwanamke mgeni, kandambili miguuni, mtoto kiunoni. Alisema sehemu ya herufi aliiandika yeye, akavuta kiti.

"Hapa unaona nini, mama?"

"Sisimizi."

"Na hapa?"

"Sisimizi walioshiba."

"Na sasa?"

"Sasa naona barua."

Mwanamke aliandika mistari kumi na mmoja, akanywa chai, akarudi stooni na mtoto wake. Mlinzi alilalamika kidogo, kwa kuwa hakujua amwandikeje kwenye kitabu cha wageni mtu ambaye hakupita getini.

Wakaja na wengine. Printa ilipokataa bahasha, alikuja mzee mwenye povu la kunyolea kwenye shavu moja. Kalenda iliporuka Jumatano, walikuja wanaume wawili walionuniana miaka sita kwa sababu ya kalenda hiyohiyo, na ikabidi Bi Masjala awapatanishe kwanza ndipo kazi ifanyike. Kampuni ikaongeza vikombe.

Mkurugenzi aliposhuka masjala na ile barua, Bi Masjala aliipokea, akaigonga upya kwenye kompyuta, akamsomea neno kwa neno pale iliposema kwamba yeye hawezi tena kusoma. Akamwonyesha na kosa kwenye mstari wa tatu. Mkurugenzi akairudisha mfukoni, hakuichana.

"Na hawa wageni, nani anawalipa?" akauliza.

"Hakuna," alisema fundi.

"Hapo ndipo penye tatizo. Mtu usiyemlipa huwezi kumfukuza."

"Wale unaowalipa hujawahi hata kuwaona, bosi," alisema Bi Masjala.

"Lakini nina mkataba wao. Una mhuri."

Wiki hiyo fundi aliachishwa kazi. Likatoka agizo kwamba kompyuta zote zirudishiwe mfumo wa kulipia ifikapo Ijumaa. Bi Masjala alijua maana yake: sisimizi watarudi, na barua itatoka mfukoni. Alikasirika, na hakutaka kuificha hasira hiyo. Aliandika kwenye ile nafasi ya chini: wanataka kuwatoa. Kisha akawaambia wenzake kwa sauti ya kusikika hadi ghorofani, "Mimi siondoki, na hii haiondoki."

Ijumaa asubuhi walitoka stooni mmoja mmoja. Kufikia saa tatu walikuwa wameijaza masjala na korido yote, wengine na nguo za kulalia, mmoja na mwiko mkononi. Mtu wa wauzaji alifuta kompyuta thelathini na tisa bila shida. Alipofika masjala hakuna aliyemgusa. Walimwomba tu apange foleni. Hadi saa kumi na moja jioni hakuwa amefika mezani, akaandika kwenye ripoti yake kwamba kompyuta moja haikufikika. Mkurugenzi akasaini ripoti.

Miezi minane baadaye zile thelathini na tisa zilizimika zote siku moja, na wauzaji wakatoa namba ya kusubiri. Ilikuwa ndiyo wiki ya kuusaini mkataba wao upya. Mkurugenzi alishuka masjala, akapita katikati ya wageni akisema samahani, akaomba achapiwe mkataba huo.

"Lete," alisema Bi Masjala.

Aliuchapa wote bila kosa hata moja, kwa herufi anazoziona yeye, na alipoombwa azipunguze alikataa. Mkataba wa kurasa nne ukatoka kurasa sitini na mbili. Mkurugenzi alisaini kila ukurasa.