Chanjo ya Farasi

…na mdomo huohuo ndio unaouliza, "Daktari, kwani farasi hawana chanjo ya ugonjwa huu?", mdomo wa shemeji Sedekia, tena kwa sauti ya huruma, na Paskalina akakaza kamba mpaka Kanali akainua kichwa, pole baba, si wewe, tulia, farasi mzee wa watu hana kosa, amechomwa sindano ya usingizi na sasa amesimama katikati ya banda mdomo wa chini ukining'inia, na daktari Rabson amechuchumaa ubavuni, glovu mpaka kwenye kiwiko, anaosha uume wa mnyama kwa maji ya vuguvugu, anapapasa vinundu vilivyopasuka, na harufu… harufu hiyo Paskalina anaijua, aliikuta wodini Mbeya mwaka juzi, ikang'ang'ania kwenye kanga za dada Faustina hata zikifuliwa na kuanikwa juani, manesi wakifungua madirisha bila kusema kwa nini, na Faustina akimwambia nipulizie marashi mdogo wangu, wageni wanakuja, na hakuna mgeni aliyekuja, hata huyu hakuja, huyu mumewe, alikuwa na kazi, farasi hawawezi kuachwa peke yao, alisema kwenye simu, farasi!… "Chanjo bado," daktari anajibu bila kuinua kichwa, "watafiti wa nje wanaihangaikia, dukani haijafika. Uvimbe wa aina hii mara nyingi huletwa na kirusi, papiloma, farasi ana cha kwake, ng'ombe ana cha kwake, na sisi watu tuna vya kwetu. Ni ukoo mmoja, kila mmoja na nyumba yake," anacheka kidogo, kisha hacheki, "cha kwetu ndicho kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi kwa kina mama," na Paskalina akamtazama shemeji yake haraka, aone, aone tu kama uso utatikisika, lakini Sedekia ameinamia ndoo, anakoroga maji yasiyohitaji kukorogwa, mkuu wa banda hili wanalofanyia kazi wote wawili, koti la mvua limefungwa mpaka shingoni kwa ukungu huu wa Mufindi usiotaka kuondoka kwenye mashamba ya chai, "Ikifika tu, daktari, sisi wa kwanza, nitamwambia bosi mwenyewe, huwezi kuacha kiumbe kioze hivi na kinga ipo," na kinga ipo!, amesema kinga ipo, Mungu wangu, huyu huyu aliyepanda bodaboda mpaka shuleni siku manesi walipokuja na chanjo ya wasichana, ya bure, sindano moja tu, akamwambia mwalimu mkuu mbele za watu kwamba mtoto wake si wa kufanyiwa majaribio, hiyo dawa inafunga kizazi, ameona video kwenye simu, na Tumpe, binti wa marehemu Faustina, miaka kumi na miwili, akasogezwa pembeni ukutani akiwaangalia wenzake wanapandisha mikono ya sweta, kisha akaja mpaka kwa Paskalina, "Mama mdogo, wenzangu walichomwa wakalia, halafu wakacheka. Mimi sikuchomwa, ndiyo nikalia," na Paskalina akaenda kuuliza, kwa adabu zote, akajibiwa mlangoni, hata kiti hakupewa, "Wewe ni shemeji tu, Paskalina. Mtoto ana baba," na mlango ukafungwa, na yeye akarudi akijiambia labda mwanamume anaogopa kweli, amezika mke, mtu aliyezika huogopa hata kivuli, mvumilie, akamvumilia, akamwombea hata kanisani, mjinga mimi, mjinga kabisa, kumbe haogopi chanjo! Anaitaka chanjo, anaililia chanjo isiyokuwepo bado, ya mnyama wa bosi, na ile iliyopo, iliyobebwa kwenye kiboksi cha barafu mpaka mlangoni pa darasa, akaifukuza… "Farasi anakipataje, daktari?" anauliza tena, na daktari, "Kwa kugusana, mara nyingi. Mwenye nacho anaweza kukaa nacho miaka asijue, haumwi, hana dalili, anampa mwenzake tu. Ni kama sisi," na hapo mkono wa Sedekia ukasimama ndani ya ndoo. Ukasimama tu. Maji yakaendelea kwenda peke yake yakikizunguka kile kifundo cha mkono, na Paskalina akaona, akaona mpaka ndani, hicho ndicho anachokiogopa, si sindano wala kizazi cha Tumpe, ni hilo swali, kirusi kilimfikia Faustina kupitia kwa nani, maana akikubali chanjo amekubali kirusi, na akikubali kirusi itabidi akumbuke zile safari zake za zamani za Chunya za kutafuta dhahabu, miezi na miezi, na labda hata si hivyo, labda hakuna wa kulaumiwa, daktari amesema mtu hajui, angeweza kulia tu, angeweza kuja wodini akakaa kwenye kile kiti cha plastiki akalia, nani angemhukumu, lakini yeye ameona afadhali binti abaki bila kinga kuliko baba abaki na swali, na hasira iliyokuwa ikimchemka Paskalina tangu asubuhi, tangu mwaka juzi, haikupoa, hapana, ila ilitulia, ikakaa chini kama mtu aliyepata kiti, na sauti yake ilipotoka hata yeye aliishangaa, haikutetemeka.

"Shemeji."

"Naam," bila kugeuka.

"Kesho nampitia Tumpe, nampeleka zahanati akachomwe. Nakuambia hapa mbele ya daktari ili usiseme nimemwiba."

Sedekia akatoa mkono kwenye ndoo, akautazama, sasa anatafuta kitambaa cha kujifutia na hakioni, kiko begani kwake, na Paskalina hamwambii.

"Mshike vizuri, dada," daktari anasema kutoka chini ya tumbo la farasi, "bado sijamaliza."

"Nimemshika," akasema.