Jongoo wa Peris

Mwihaki alikuwa na mdomo, na Endebess nzima iliujua. Mwanawe Munene alipooa mwalimu wa sayansi kutoka Matulo, kule Bungoma, hakusema neno juu ya kabila wala mahari. Alisema juu ya jongoo. Aliwasema kanisani, akawasema kwenye foleni ya kusaga unga, akawasema hata kwa watu waliokuja kwake kununua maziwa.

"Wengine kijana akioa wanaletewa mjukuu," alikuwa akisema. "Mimi nimeletewa wadudu. Ati wanafugwa! Siku moja nitawamwagia maji moto, na Mungu atanielewa bana."

Watu walicheka, naye alipoona wanacheka aliongeza chumvi.

Peris alikuwa akiwafuga kweli, katika nyumba ya kupanga mtaani Tuwan, mjini Kitale. Jongoo wanne weusi, wanene kama kidole gumba, waliishi ndani ya sanduku la plastiki lililojaa udongo na majani yaliyooza. Kando yao, ndani ya chupa ya jemu yenye kifuniko kilichotobolewa, alikaa tandu mmoja mwekundu aliyelishwa mende. Wanafunzi waliwashika jongoo hao darasani mpaka wakaacha kupiga mayowe. Lakini haikuwa kwa ajili ya darasa tu. Mimba za Peris zilikuwa zimeharibika mara mbili, na ni baada ya ile ya pili ndipo alipomleta jongoo wa kwanza nyumbani. Mwihaki alilijua hilo vizuri, na bado akasema aliyoyasema.

Likizo ya Agosti mwaka 2005, Emmy, mama yake Peris, alianguka akavunjika mguu, ikabidi Peris aende Matulo kumwuguza. Munene alikuwa Lodwar akifunga nyaya za umeme katika shule mpya. Kuwapeleka jongoo Matulo haikuwezekana, maana kuku wa Emmy waliingia mpaka sebuleni na hawakuwa wa kuuliza kitu ni cha nani. Kwa hiyo Peris alipanda hadi Endebess, chini ya mlima, kwa Mwihaki, sanduku mikononi na chupa ndani ya kikapu.

"Mama, najua hupendi hii vitu," alisema mlangoni.

"Nani alikuambia sipendi?"

Peris aliweka kikapu chini. Mwihaki aliona aibu, kwa sababu aliyemwambia angeweza kuwa mtu yeyote.

"Si uweke hapo kwa meza," alisema. "Wanakula nini?"

"Majani imeoza, na ndizi kidogo. Unawanyunyizia maji. Na baridi ya huku, mama, tafadhali. Usiache baridi iwapate."

Asubuhi ya kwanza Mwihaki aliwatupia kipande cha ndizi kutoka mbali, kama anayelisha mbwa mkali. Baadaye alivuta kiti ili ahakikishe kwamba wamekula, na hapo ndipo alipopotea. Jongoo mmoja alitoka chini ya majani akaanza kutembea, na miguu yake yote ile ikapokezana kama upepo unaopita juu ya shamba la ngano. Mwihaki aliketi mpaka chai yake ikapoa. Wiki ilipokwisha alikuwa akiwashika kwa mkono mtupu na kuwasalimia kwa Kikuyu, akimwambia yule mkubwa kwamba ni mvivu na anakula kama fundi wa mtaa. Tandu ndiye hakumpenda. Alimwangushia mende wake na kufunga kifuniko mbio.

Angeweza kuwaambia wenzake wa kanisani. Jumapili, Mama Gicheru alimshika mkono nje ya kanisa, huku kina mama wengine wakisikiliza.

"Sasa, maji imechemka?"

Mwihaki alifungua kinywa aseme kwamba wale wadudu ni wazuri, kwamba siku hizi anaamka akiwa na hamu ya kuwaona. Akaona zile nyuso zinazongoja kucheka.

"Bado," akasema. "Nangoja kuni ikauke."

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mwihaki alirudi nyumbani akiwa amejikasirikia, akawapa jongoo ndizi nzima.

Siku chache baadaye aliinua gome la mti lililokuwa ndani ya sanduku akaona kitu kama punje za mchele zinazotambaa. Alivaa miwani. Walikuwa jongoo wadogo, weupe, wenye miguu michache tu, wengi asiweze kuwahesabu. Alipiga simu Matulo papo hapo.

"Peris, wamezaa!"

Mwihaki akasikia kwikwi upande wa pili.

"Mama, umeona wewe mwenyewe?"

"Na hii macho yangu. Ni wengi! Ni weupe!"

"Niliomba sana," alisema Peris. "Usicheke, mama, lakini niliomba. Nilisema, hata kama ni jongoo tu."

"Nani anacheka? Mimi nitawaangalia kama wangu. Kabisa."

Na alikusudia kila neno. Jioni hiyo mvua ya mawe ilishuka kutoka mlimani, na baridi ya Endebess ikaingia mpaka kwenye mifupa. Mwihaki alilitazama sanduku, akafikiria wale wachanga, akaingia stoo. Humo kulikuwa na magunia matupu ya mavuno ya mwaka uliopita. Alichagua lililokuwa safi kuliko yote, akalikung'uta vizuri nje ya mlango, akalikata, akawatandikia kipande juu ya majani mle ndani kama anayemfunika mtoto. Alilala akiwa na furaha.

Asubuhi jongoo wote walikuwa wamelala juu ya lile gunia, wamenyooka. Jongoo akiogopa hujikunja, na Mwihaki sasa alikuwa akilijua hilo. Alimgusa yule mkubwa. Hakujikunja. Aliinua gunia na gome, na wale weupe walikuwa wametulia kama mchele wa kweli.

Alidhani ni baridi. Kisha akaona vidole vyake vimeshika unga mweupe, akavinusa kwa karibu. Ilikuwa dawa ya mahindi, ile ya unga ambayo kila mtu wa huko huchanganya na mahindi kabla ya kufunga gunia ili fukusi wasiyale. Aliichanganya mwenyewe kila mwaka tangu aolewe, kitambaa puani. Stoo ilinuka dawa, nguo zake za shamba zilinuka dawa, na pua yake ilikuwa imezoea harufu hiyo hata haikuisikia tena. Dawa ya kuua wadudu, naye amewafunika wadudu nayo.

Alilia, mwanamke mzima, akililia jongoo. Alilia pia kwa hasira, kwa sababu tandu alikuwa ndani ya chupa yake, mzima, akizungukazunguka akitafuta mende.

Simu ilikuwa mezani. Ilikuwa rahisi sana kusema kwamba ni baridi. Peris mwenyewe alikuwa ameiogopa, na ile mvua ya mawe kila mtu aliiona. Mwihaki aliishika simu, akaiweka, akaishika tena. Aliwaza kwamba maneno ya ovyo alikuwa ameshasema ya kutosha. Basi alivaa nguo ya kanisani, akachukua tandu na lile sanduku, akateremka Kitale kutafuta gari la Webuye, njia ya kwenda Matulo.

Matulo, Emmy alikuwa amelala kitandani, mguu wake ndani ya plasta. "Mama Munene! Karibu sana," aliita kutoka ndani. Peris alitoka jikoni akijifuta mikono, akatabasamu alipoliona sanduku, kisha akautazama uso wa mama mkwe wake na tabasamu likaondoka.

Mwihaki alimweleza yote palepale uani, akiwa amesimama. Peris alifungua kifuniko na kuangalia kwa muda mrefu. Alichukua mmoja wa wale weupe kwa ncha ya kidole.

"Dawa ya mahindi," alisema.

"Ilikuwa kwa gunia. Nilitaka wapate joto. Nilisahau."

"Umeweka mahindi dawa tangu Munene hajazaliwa, mama."

"Ndiyo."

"Na ukasahau."

"Nilisahau, Peris. Haki ya Mungu."

Peris alifunga kifuniko polepole. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimtisha Mwihaki zaidi.

"Ile ya maji moto niliambiwa kitambo," alisema Peris. "Hata ile ya kuni, Mama Gicheru alinipigia simu jana jioni, ati nije niwachukue haraka. Nikamwambia hapana, mama ameniambia wamezaa, mama amebadilika."

"Nilikuwa nimebadilika! Uliza hata..."

Alitafuta jina la mtu wa kuulizwa, na hakulipata. Hakuwa amemwambia yeyote.

"Si kitu," alisema Peris. "Nimekusamehe. Umekuja kuniambia uso kwa uso, hiyo ni kubwa. Mwingine angesema ni baridi."

"Mwanangu, sikuwaua makusudi."

"Nimesema nimekusamehe, mama."

Alilisema kwa upole, upole wa mwalimu kwa mtoto aliyeshikwa na kosa na bado anakana. Kisha akamshika mkono na kumwongoza ndani, akamwekea kiti kizuri, akamletea chai ya maziwa na mayai. Emmy alikuwa akisimulia juu ya mguu wake. Peris aliinama karibu na sikio la Mwihaki ili mama yake asisikie.

"Lakini Mungu akinipa mtoto, mama, usiniombe nikuachie. Utakuja kumwona kwangu, mimi nikiwepo."

Mwihaki alikuwa na mengi ya kujibu. Aliteremsha kikombe kwenye sosa.

"Sawa," alisema. "Nitakuja kumwona kwako."