Diski Iliyokataa Gauni

Mama Nyuzi alikuwa na ugomvi wa miaka mingi na mumewe, ugomvi wa upande mmoja tu, kwa sababu mume mwenyewe hakuwa mtu wa kujibu. Mtaa mzima ulimwita Bwana Sawa. Umwambie mvua inakuja, sawa. Umwambie paa limeng'oka, sawa. Siku mkewe alipomwuliza kama bado anampenda, Bwana Sawa alifikiri mpaka chai ikapoa, kisha akainuka akaenda kuchora. Mama Nyuzi alilia siku ile, wala hakuficha, aliwaeleza wateja watatu.

Walikuwa wadarizi. Mume alikaa chumba cha nyuma, kwenye kompyuta, akichora maua na majani. Akimaliza alihifadhi mchoro kwenye diski, zile za zamani za mraba zenye kibati kinachoteleza, akaja kumkabidhi mkewe bila neno. Mke aliisukuma mdomoni mwa mashine ya kudarizi, mashine kongwe isiyojua namna nyingine ya kulishwa, akachagua mchoro, sindano zikaanza. Kompyuta hakuwahi kuigusa hata siku moja. Ile ilikuwa ya mume, mashine ilikuwa yake, na mpaka wao ulikuwa pazia la chumba.

Sasa, kioo cha mashine ile kilikuwa kidogo, na kilionyesha herufi sita tu za mwanzo wa jina la mchoro, halafu kimkia na namba. Ndiyo maana kwa miaka kumi na minne michoro ya duka lile ilijulikana kwa majina ya ajabu: Samaha, Huyumw, Nilita. Mama Nyuzi alidhani ni lugha ya kompyuta. Wateja walidhani ni mitindo ya ng'ambo, na hakuna aliyewatoa katika kosa hilo.

"Niwekee Samaha mabegani," bibi harusi angesema, "na Usimuu kwenye mikono."

Usimuu ndiyo iliyouzwa kuliko zote. Mke wa daktari alikuwa nayo kwenye magauni mawili, na kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa nayo kwenye mapazia.

Alhamisi hiyo mambo yaliharibika asubuhi na mapema. Binti yao wa pekee alikuwa anaolewa Jumamosi. Gauni lilikuwa limeshakatwa na kushonwa, limetundikwa ukutani jeupe tupu, linangoja nakshi. Baba yake alikuwa amechora wiki tatu nzima. Mashine ingehitaji saa sita kulidarizi, na Ijumaa umeme ungekatwa mtaa mzima kwa ajili ya matengenezo, tangazo lilikuwa limebandikwa kila nguzo. Yaani ni leo, au binti aolewe kavaa gauni kama shuka la hospitali.

Bwana Sawa alitoka nyuma ya pazia, diski mkononi.

"Haitaki," alisema.

"Haitaki nini?"

"Imejaa." Akavaa viatu akatoka kwenda mjini kutafuta diski nyingine, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho iliyo hai. Wenzake saba walikuwa wameshafia kazini.

Mama Nyuzi alijua vizuri kwamba mjini hakuna duka linalouza kitu kile tena. Aliipuliza diski. Akaifuta kwa kipande cha hariri. Akaitikisa karibu na sikio, sijui alitegemea kusikia nini. Mwishowe akampigia simu wifi yake, dada wa Bwana Sawa, aliyefundisha kompyuta chuoni mpaka akastaafu, na ambaye maneno aliyonyimwa kaka yake alipewa yeye yote.

Wifi alifika na miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani.

"Lete mgonjwa," alisema, akaketi mbele ya kompyuta. Alianza na kile kidude kidogo cha pembeni kinachozuia diski isiandikwe. Hakikuwa kimezuia. Akatelezesha kibati, akachungulia ndani, hakuona vumbi wala kutu. Akaiingiza, ikakoroma, ikafunguka. Akabonyeza huku na kule, mara akacheka.

"Wifi, diski hii haijajaa. Zaidi ya nusu ni tupu."

"Kwa hiyo inatudanganya?"

"Haidanganyi. Sikiliza. Diski hii ina orodha ya majina, kama daftari la wageni mlangoni. Mistari yake haifiki mia mbili na thelathini, basi. Jina fupi linachukua mstari mmoja. Jina refu linachukua mitano, sita, mpaka liishe. Daftari likijaa, hata vyumba viwe vitupu, mgeni haingii. Humu mna michoro thelathini na saba tu, lakini majina yake, mama yangu! Huyu kaka yangu kaandika barua?"

"Majina gani marefu?" Mama Nyuzi alianza kupandwa na hasira. "Samaha lina herufi sita. Nilita herufi sita. Nimeyasoma kila siku kwa miaka kumi na minne."

Wifi alikigeuza kioo cha kompyuta kumwelekea.

Mama Nyuzi alisoma mstari wa kwanza. *Samahani kwa jana, sikulala kwa makusudi ukiwa unaongea.* Chini yake, *Samahani, chai ilikuwa nzuri, nilisahau kusema tena.* Kisha *Huyu mwanamke akicheka hata sindano zinakosea mshono.* Kisha *Nilitaka kusema gauni limekupendeza, wateja wakaingia.*

Alisogea karibu mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. *Leo umenuna na sijui kosa langu, nimekuchorea waridi.* *Umeniuliza kama nakupenda, swali gumu, jibu ni ndiyo.* Huo ulikuwa na tarehe, na tarehe aliikumbuka. Ilikuwa siku ya ile chai iliyopoa.

Halafu akafika kwenye Usimuu. *Usimuuzie mtu hili, ni lako wewe peke yako.*

"Yallah," alisema Mama Nyuzi, akakaa kwenye marobota ya vitambaa. "Mapazia ya kinyozi."

Wifi alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika. Mama Nyuzi alitaka kumkasirikia, lakini naye kicheko kilimtoka, kikatoka na machozi, na hakujua kipi kilitangulia.

Bwana Sawa alirudi saa tano na nusu, jasho linamtiririka, mkononi kashika sahani mbili za muziki, zile CD za duara. Ndicho kitu pekee alichokipata. Aliona pazia limefunguliwa. Akaona mkewe yuko kwenye kiti chake, na majina yote yamejaa kioo kizima. Akasimama pale pale.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza Mama Nyuzi.

"Nilikuambia." Alionyesha kioo kwa sahani moja ya muziki. "Nilidhani unasoma."

"Mashine inaonyesha herufi sita!"

Bwana Sawa aligeuka, akaitazama mashine kama mgeni. Ilionekana wazi kwamba katika miaka kumi na minne hakuwahi kuinama kuangalia kioo cha mashine ile, kama mkewe asivyowahi kuvuka pazia.

"Sita?" alisema. "Nami nilikuwa nangoja majibu."

"Hata Usimuu?"

"Ulipoanza kuiuza, nikajua hilo ndilo jibu."

Mama Nyuzi aliumia. Aliumia kuliko siku ya chai, kwa sababu siku ile alijihurumia yeye, na sasa alimwona mtu aliyempelekea mkewe ua, kisha akaliona dirishani kwa kinyozi kila asubuhi, akaendelea kuchora.

"Jamani," alisema wifi kwa upole, "naona hili lina uzito wake, lakini saa sita mchana hiyo inakuja. Michoro yote nimeinakili kwenye kompyuta na majina yake, hakuna kitakachopotea. Kwenye diski nayafupisha, nafasi inapatikana, gauni linaingia. Nianze?"

"Subiri," alisema Mama Nyuzi. "Barua hazijajibiwa."

"Wifi, nimekwambia hazipotei."

"Kumbe zilikuwa zimehifadhiwa vizuri miaka yote hii, na zilipotea."

Basi wifi akawa anasoma jina kwa sauti, kama anaita wanafunzi darasani, Mama Nyuzi anajibu, kisha ndipo jina linafupishwa. Ya kwanza, usingizi, alisamehe. Ya pili, chai, alisema ameshukuru. Kwenye waridi alisema hata yeye hakumbuki kosa lilikuwa nini. Kwenye Usimuu alisema kinyozi atabadilishiwa mapazia, apewe meupe, kufikia Jumatatu, apende asipende. Nyingine alijibu kwa kichwa tu. Bwana Sawa alisimama kando, kashika sahani zake, masikio yamemsimama.

Walimaliza saa sita na robo. Wifi akauingiza mchoro wa gauni, diski ikakoroma, ikaupokea bila ubishi. Akawaaga akaondoka, akiwa na haraka kubwa ya kumsimulia mtu.

Mama Nyuzi alitandika gauni kwenye mashine, akaisukuma diski mahali pake, sindano zikaanza kupiga. Kwa kawaida hapo mume alirudi nyuma ya pazia. Leo hakurudi. Alivuta kiti, akakaa karibu na mkewe, wakatazama jani la kwanza likitokea kwenye kitambaa cheupe. Kelele za mashine zilijaa chumba.

"Akishaondoka huyu binti," alisema Bwana Sawa ghafla, macho yakiwa kwenye gauni, "tutabaki wawili tu. Naogopa. Nitaongea nini na wewe?"

Mama Nyuzi alinyoosha mkono akaizima mashine, saa ya ukutani ikiwa inamwangalia na jani likiwa nusu.

"Rudia," alisema. "Sijasikia."

Alikuwa amesikia kila neno.