Kadi ya Harusi Yenye Herufi Nene

"Papa Télesphore, hii ni harusi ya mutoto wangu ao ni matanga?" Maman Adolphine alimpungia jirani yake kadi usoni. "Tonton yake, kaka yangu, amefika toka Walungu akilia."

Télesphore, aliyeshinda amesimama kwenye kiwanda cha kuchapa akipanga herufi za madini ya risasi, aliegemea ukuta wa nyumba ya jirani huyo. Alikuwa amechagua herufi nene ili wazee wasome bila miwani, kisha akazizungushia mstari mweusi. Sasa aliona alichochapa: kadi iliyofanana na tangazo la kifo.

"Nitapanga upya," alisema kwa uchovu. "Herufi nyembamba, zimelala kidogo, mistari iachane ipumue. Bila fremu."

"Lini? Harusi iko Samedi, Jumamosi hii hii."

"Narudi kazini sasa hivi."

Adolphine aliitazama mikono yake iliyojaa wino. "Na miguu hiyo iliyosimama tangu asubuhi? Ingia kwanza, bugali iko moto."