Jumamosi ya Kwenda Bustanini

Mume wangu Elirehema alikuwa na kazi mbili, na mimi nilikuwa na nusu mume. Jumatatu mpaka Ijumaa alipima damu za watu kwenye maabara ya hospitali moja Fort Worth, Texas. Jumamosi na Jumapili alipanga maboksi kwenye ghala hapo hapo Grand Prairie tulipokuwa tukiishi. Ukitaka kumwona akiwa macho ilibidi uombe miadi. Binti zetu wawili, Angel wa miaka kumi na moja na Kezia wa miaka sita, waliambiwa shuleni wachore familia, na Kezia akamchora baba yake amelala. Sitanii. Mwalimu alinionyesha.

Mimi nilikuwa nikihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, na huko ndiko nilikopata tamaa ya bustani. Kulikuwa na bibi mmoja Mwingereza, Bi Maureen, aliyeletwa Texas na mume mwanajeshi baada ya Vita Kuu ya Pili. Kila nikimwogesha alinisimulia Jumamosi za utoto wake: jinsi baba yake alivyowapakia kwenye gari na kuwapeleka mashambani kuangalia bustani za majumba ya matajiri, wakakaa nyasini, wakala mayai ya kuchemsha na kunywa chai ya chupa. Bi Maureen alikuwa amesahau majina ya watoto wake mwenyewe, lakini mayai yale aliyakumbuka. Nikajiuliza, wanangu wakizeeka watakumbuka nini? Baba anayekoroma?

Dallas, kando ya ziwa, kuna bustani ambayo kila masika hujaa maua ya tulipu, maelfu kwa maelfu. Nikaanza kumwomba Elirehema Jumamosi moja, moja tu, tangu Krismasi ya mwaka 2002.

"Mimi mtu wa Machame," alinijibu, "nimezaliwa kwenye migomba na kahawa, maji yanapita mlangoni. Leo nilipe kiingilio niangalie maua?"

"Lipa. Wanao hawakuzaliwa Machame."

Alicheka, lakini hakuchukua likizo. Januari ikapita, Februari ikapita. Nilinuna, nikabembeleza, nikanuna tena. Mimi kununa sihitaji kufundishwa. Hatimaye mwezi wa nne ghala likampa Jumamosi. Wiki nzima nilikuwa kama bibi harusi. Nilichoma kuku, nikakaanga sambusa, nikachemsha mayai kumi na mbili kwa heshima ya Bi Maureen.

Asubuhi ile, saa moja, Elirehema alitoka kwenda kununua barafu ya kuweka vinywaji. Simu ya nyumbani ikalia. Alikuwa Anaeli, mdogo wake, anapiga kutoka Moshi.

"Shemeji, kaka yupo?"

"Katoka kidogo. Kuna nini?"

"Mama hali yake si nzuri. Tuko naye hospitali. Mwambie kaka apige sasa hivi. Mama anamtaja, anataka kumsikia."

Sauti yake ilikuwa ikikatika-katika. Nyuma yake nikasikia wanawake wanaimba wimbo wa kanisani, polepole, kwa sauti za pua zilizojaa machozi. Kisha simu ikakata.

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni, mikono juu ya meza. Mama mkwe amekufa, nikajiambia.

Mtu asiye wa kwetu atauliza nimejuaje, wakati nimeambiwa yu hai. Atakayeuliza hivyo hajawahi kufiwa akiwa mbali. Baba yangu alipofariki mwaka 1998, kaka yangu alinipigia akasema maneno hayo hayo: baba anaumwa, anakuulizia. Nikapiga simu kutwa nzima, kila nikipiga naambiwa amelala, amelala, ametoka kunywa uji akalala. Jioni nikafungua mlango nikakuta Watanzania sita wamesimama na masufuria, nikaelewa kuwa baba alikuwa maiti tangu alfajiri. Kwetu hakuna anayempasulia mtu habari ya msiba kwenye simu. Unasema mgonjwa, halafu unatafuta wakubwa waende kwake, wamkute ameshakula, wakae naye, ndipo wamwambie. Na wale wanawake wanaoimba, kama si matanga ni nini?

Nikampigia Mzee Majaliwa, mwenyekiti wa Watanzania wa upande wetu, mtu wa Kigoma, mpole, aliyekwisha kuingia kwenye nyumba nyingi kwa kazi hiyo.

"Mama yake Elirehema amefariki," nikamwambia.

"Inna lillahi. Yeye anajua?"

"Hajui. Katoka."

"Basi mzuie hapo nyumbani. Namchukua Mama Immaculate, ndani ya saa moja tutakuwa kwako."

Nikaangalia kapu mezani. Nikasikia Kezia chumbani anamuuliza dada yake kama tulipu zinanukia.

"Mzee, njooni jioni," nikasema. "Tulikuwa na safari na watoto. Acheni leo ashinde nao, ale ashibe. Msiba upo tu, hautakimbia."

"Wewe ndiye mwenye nyumba. Jioni, saa kumi na mbili."

Elirehema akarudi na barafu begani, anapiga mluzi. Nilimsalimia kama kawaida. Nilishangaa mwenyewe jinsi nilivyoweza.

Njia nzima ya kwenda Dallas alikuwa akiimba na watoto, na mimi nilitazama nje nikijifuta macho kwa pembe ya kitenge, nikisingizia vumbi la maua. Nilimpenda mama mkwe. Nilipoolewa, mimi Mkatoliki wa Kibosho niliyeingia kwa Walutheri wa Machame, ni yeye peke yake aliyesema, "Mungu wao si ni huyo huyo?" Nilimlilia kimya kimya, mtu ambaye saa ile alikuwa yu hai.

Bustani ilikuwa nzuri kuliko nilivyosimuliwa. Tulipu nyekundu, za njano, za zambarau iliyokaribia weusi, zimepangwa mistari mpaka ziwani. Elirehema aliyekataa kulipa kiingilio sasa hashikiki. Alichuchumaa kila kitalu, anagusa udongo, ananusa vidole. "Wameweka mbolea gani hawa? Mama Angel, njoo uone udongo huu!" Alimbeba Kezia mabegani. Alishindana mbio na Angel kwenye nyasi akaanguka, na Angel, ambaye mwaka ule alikuwa ameanza kumwonea baba yake aibu, alicheka mpaka akakaa chini.

"Daddy, you're so embarrassing," akasema, lakini hakumwachia mkono.

Nilimwangalia mume wangu nikawaza: cheka, cheka baba, jioni yako ninayo mimi.

Tulitandika kanga chini ya mti, saa sita na nusu hivi. Elirehema akajinyoosha, akatoa simu yake ya mkononi na kadi ya kupigia nyumbani.

"Nimebakiwa na dakika kumi na nane," akasema. "Ngoja nimpigie mama. Nimwambie nimelipa pesa kuona maua, anicheke."

Nilimwona akiigeuza kadi asome namba zake, akianza kubonyeza. Nikafikiri atapokea nani, na atamwambia nini, na sisi tuko nyasini na watoto, na barabara kuu mbele yetu ya kurudi nyumbani.

"Sasa hivi kule usiku," nikasema. "Mama amelala."

"Saa mbili na nusu? Mama hajawahi kulala kabla ya taarifa ya habari."

"Utampigia kesho ukitoka ghalani. Utakuwa na mengi ya kumsimulia." Nikanyoosha mkono, nikaichukua simu, nikaitia kwenye mkoba wangu. "Leo wewe ni wetu. Usiniharibie siku yangu, Baba Angel."

Alinitazama, akatabasamu. "Haya, bosi."

Nikamkabidhi yai. Alikula mayai manne.

Tulirudi nyumbani saa kumi na moja. Nilimpakulia wali tena, akala, ingawa alisema ameshiba. Saa kumi na mbili kamili kengele ya mlango ikalia. Elirehema alipofungua akamwona Mzee Majaliwa na kofia yake mkononi, na Mama Immaculate, Mtanzania mwenzetu wa mji wa Carrollton, na sufuria limefungwa kwa kitambaa, hakuuliza wamefuata nini. Alirudi nyuma hatua moja, akakaa kwenye kochi mwenyewe kabla hajaambiwa akae.

"Ni nani?" akauliza.

"Mwanangu, kazi ya Mungu haina makosa," Mzee Majaliwa akasema. "Ni mama."

Alilia kama watu wanavyomlilia mama, sitaeleza. Mzee alimshika bega mpaka alipotulia. Kisha Elirehema akaomba simu. Nilipoitoa kwenye mkoba wangu nikamwona ameiangalia ile simu, akaniangalia na mimi, lakini bado alikuwa hajajua.

Anaeli alipokea mara moja, ingawa Moshi ilikuwa saa nane usiku. Sisi tulisikia upande mmoja tu.

"Anaeli. Nimeambiwa... Ndiyo. Saa ngapi?... Saa tatu ya jana usiku?... Sasa jana ipi? Hii hii?" Akatazama saa yake ya mkononi. Akahesabu kwa vidole, kidole kimoja kimoja, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Masaa matano yaliyopita?... Ulipiga lini?... Ukaongea na nani?"

Alisikiliza kwa muda mrefu. Mwishoni akasema, "Asante, mdogo wangu," akakata simu, akaiweka juu ya goti.

"Saa saba mchana," akasema, bila kumtazama mtu. "Mama amekata roho saa saba yetu ya mchana. Nilikuwa nakula mayai."

Mzee Majaliwa akageuka kwangu. "Mama Angel, asubuhi si uliniambia ameshafariki?"

"Anaeli alipiga saa moja," Elirehema akaendelea kwa sauti ile ile ndogo. "Mama alikuwa anaongea. Walikuwa wanamwimbia, yeye ndiye aliyekuwa anachagua nyimbo. Waliweka simu kwenye mto, karibu na sikio, nikipiga wasihangaike. Kila aliyetaka kuitumia walimwambia aache, Elirehema atapiga. Ameniulizia saa mbili na nusu ya kule. Amemuuliza Anaeli, huyu mtoto kazini hawamruhusu?"

Mama Immaculate akaja kukaa karibu yangu, akanishika mkono, akamgeukia mume wangu. "Shemeji, usimlaumu mwenzio. Ndivyo tunavyofanya sote. Hata mimi ningejua ni msiba. Hajakosea."

"Hajakosea," Mzee Majaliwa naye akasema, na nilijua anakumbuka nilivyomwambia waje jioni. Hakulitaja. Alikuwa mtu wa kustiri.

Watu wakaanza kuingia. Viti vikajaa, masufuria yakajaa jiko, na kila mwanamke aliyesikia habari ile alinikumbatia na kuniambia sikukosea. Walinifariji mimi kuliko mfiwa. Elirehema alikaa kwenye kochi mpaka watu walipoondoka, hakugusa chakula, na hakuniuliza swali hata moja. Afadhali angenitukana. Ningemjibu; mimi ni mtu wa kujibu.

Jumapili asubuhi nilimpeleka uwanja wa ndege aende kuzika. Hakukaa mbele nami. Alikaa kiti cha nyuma, katikati ya mabinti, kila mmoja amemlalia bega. Nilipoegesha mlangoni aliwabusu, akashusha begi lake mwenyewe, akaja dirishani kwangu. Macho yalikuwa yamevimba.

"Mama Angel," akasema. "Siku nikiwa mimi pale kitandani, waambie watoto. Hata kama hawajala."

"Nitawaambia."

"Hata kama wako wapi."

"Nitawaambia, Baba Angel. Nisamehe."

Aliitikia kwa kichwa, ila sijui aliitikia lipi. Akaingia ndani.

Angel akahamia kiti cha mbele. Tukafika karibu na nyumbani. Kezia alikuwa amelala nyuma. Kisha Angel akasema, akitazama barabara:

"Mom, did you know? When we were at the garden?"

"Nilidhani najua."

Huyu mtoto hajui mila za kupasua msiba, hajui masufuria yanayotangulia habari. Kazaliwa Texas, akitaka kujua jambo anauliza.

"But Uncle said she was sick. Why didn't you just call back and ask?"

Nyumba yangu ilikuwa imejaa watu wazima jana usiku, na hakuna aliyeniuliza kwa nini sikumpigia tu Anaeli nikamuuliza. Nilikuwa na majibu mengi. Kwamba kwetu hatufanyi hivyo. Kwamba babake ndiye aliyekuwa dereva wetu siku ile. Kwamba nilimhurumia, nilitaka ale ashibe kabla dunia haijamwangukia. Yote yalikuwa kweli, na yote nilikuwa nimeshayasema jana mbele za watu yakakubaliwa.

Nikaegesha gari pembeni ya barabara, kwa sababu nilikuwa sioni tena mbele.

"Kwa sababu nilitaka twende bustanini," nikamwambia.