Kitabu Alichokiagiza Mama

Katika maktaba ile, kila kitabu kipya kilipita kwanza mikononi mwa Gundi. Jina hilo walimpa watoto waliokuja kudurusu baada ya shule, maana vidole vyake viling'aa gundi asubuhi mpaka jioni, na yeye wala hakulikasirikia. Alivifunika vitabu kwa nailoni, akavibandika namba mgongoni, akavigonga muhuri, halafu akavipanga kwenye meza ya mbele chini ya ubao ulioandikwa VIPYA MWEZI HUU. Filamu nazo alizitoa kwenye maboksi yao ya madoido na kuzitia kwenye makasha magumu yasiyovunjika ovyo. Miaka ishirini na sita alikuwa kwenye kazi hiyo. Mkutubi mkuu alijua fika kwamba Gundi havitoi vitabu kwenye meza yake ya kazi mpaka avisome, akajitia hamnazo, kwa sababu wasomaji walimwuliza Gundi kipi kizuri, si yeye.

"Mwenzenu nilifeli," Gundi aliwaambia waliomshangaa. "Nyie mliofaulu mmepumzika. Mimi bado nadurusu."

Watu walicheka, naye akacheka nao. Utani huo alikuwa nao tangu ujana na ulikuwa umeshazoea mdomo.

Mama yake alikuwa mteja wa filamu. Kila Jumanne bibi huyo wa miaka sabini na sita aliketi kwenye kona ya televisheni, akavaa hedifoni zilizomzidi kichwa, akaangua vicheko mpaka chumba kizima kikageuka, mwenyewe hajui kwamba wenzake hawasikii anachokicheka. Kitabu hakuwahi kukimaliza hata kimoja. Alisema herufi zinamkimbia. Kwa hiyo Gundi alishangaa mwezi ule mama alipoomba fomu ya mapendekezo, akaandika pole pole jina la riwaya ya Kitinda.

Kitinda ni mdogo wake Gundi, wa mwisho kuzaliwa, ndiye aliyesoma mpaka akawa mwandishi na kuhamia mbali.

"Unataka kukisoma, mama?" Gundi aliuliza.

"Nataka kiwepo hapa," mama alisema. "Utakifunika wewe?"

"Nani mwingine?"

Riwaya ilifika Ijumaa. Gundi aliifunika kwa uangalifu kuliko vyote, akajivunia jina la mdogo wake pale juu, kisha akaifungua na kuanza kusoma huku chai ikipoa. Alisoma akitabasamu mpaka ukurasa wa 143.

Hapo mama wa riwayani, mshona nguo mwenye mume aliyepooza, anapokea barua kutoka shule ya bweni. Bintiye mkubwa amechaguliwa. Mama anaisoma amesimama. Anamtazama mume anayehitaji kugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, anamtazama mtoto mdogo anayecheza sakafuni, halafu anaitia barua motoni. Binti anaporudi na ndoo ya maji anamwambia: "Jina lako halimo."

Gundi alisoma maneno hayo matatu mara nyingi. Mama wa riwayani alikuwa na jina jingine, na nyumba ilikuwa na rangi nyingine, lakini ndoo ilikuwa ile ile na maneno yalikuwa yale yale. Gundi alikuwa na miaka kumi na minne siku hiyo. Aliitua ndoo chini taratibu maji yasimwagike, akaenda kumgeuza baba. Alimgeuza miaka mitano, mpaka walipomzika.

Kumbe hakufeli.

Hasira ilimpanda, na hakujua aielekeze wapi. Mtu unamkasirikiaje mama mwenye presha, anayekubusu kipaji cha uso kila jioni, ambaye hata viatu unamvisha wewe? Ukimfokea na akaanguka, utakuwa umepata nini? Akamkasirikia Kitinda. Ndiye aliyekuwa akicheza sakafuni, na Gundi aliona hapana shaka yoyote: mtoto aliona, akakaa kimya miaka thelathini na minane, sasa amekwenda kuiuza siri kitabuni. Na mama, maskini, amekiagiza kwa fahari kitabu kitakachomuumbua.

Akampigia simu mdogo wake.

"Umeandika nini ukurasa wa mia na arobaini na tatu?"

Kitinda akajibu: "Dada, mwache mama asome."

"Presha yake je?"

"Si juu yangu kusema. Muulize mwenyewe."

Gundi alikata simu bila kuaga. Hakuwahi kufanya hivyo maishani.

Akamwendea mkutubi mkuu, akasema kitabu kile kimelegea mshono, kirudishwe kwa wachapaji. Mkutubi mkuu alikivuta huku, akakivuta kule, akakipigapiga mezani.

"Kizima kabisa. Na sheria unazijua. Aliyependekeza anasoma kwanza, na mwezi wa kwanza hakitoki nje."

Alizijua. Ubao wenye sheria hizo aliubandika yeye.

Jumatatu mama akaja na miwani yake na rula ya kushikia mistari, akaketi meza ya dirishani, hatua sita tu kutoka kaunta. Jumanne akaja tena. Alisoma midomo ikicheza, akasogeza rula, na saa ya kuondoka akaweka utepe mwekundu alipoishia. Watu walipotoka, Gundi alikwenda kuangalia utepe. Ukurasa wa 18. Siku ya pili, 33. Ya tatu, 45. Akapiga hesabu ya siku zilizobaki.

"Mama, imekuja filamu mpya," alijaribu. "Mwanamume anamficha mbuzi kwenye lifti. Utavunjika mbavu."

"Mbuzi atanisubiri," mama alisema bila kuinua macho.

Siku iliyofuata alimletea mbili. Mama akazipokea, akazishukuru, akazikalia kama mto na kuendelea kusoma. Kila baada ya muda aliinua uso akamtazama Gundi kaunta, na Gundi akainamia nailoni yake haraka. Alikuwa akikata majalada vibaya siku zile. Alijikata kidole mara mbili. Nyumbani walikula pamoja, wakaongea habari za jirani na za bomba linalovuja, na kila Gundi alipofungua mdomo aliishia kuuliza kama chumvi imetosha.

Siku ya kumi utepe ulifika ukurasa wa 140.

Jioni hiyo, milango ikiwa imefungwa, Gundi alikichukua kitabu mpaka kwenye meza yake ya kazi. Tangu aanze kazi alikuwa amewalaani waliochana vitabu, tena kwa majina. Akaweka rula ya chuma, akashika wembe, akaikata karatasi ile moja, ukurasa wa 143 mbele na wa 144 nyuma. Alipomaliza ndipo akalia.

Kesho yake mama alisoma nusu saa tu. Gundi alimwona akifunua, akirudisha, akifunua tena. Akamwona akipitisha kidole kwenye ukingo mwembamba uliobaki. Kisha mama akasimama, akaja na kitabu kifuani mpaka kaunta.

"Kuna mtu amekata," alisema.

"Watu hawana adabu, mama."

"Huyu ana adabu. Amekata kwa rula."

Gundi alichukua kitambaa akaanza kufuta kaunta iliyokwisha kufutwa.

"Mimi ndiye niliyemsimulia mdogo wako," mama alisema kwa sauti ndogo. "Yeye alikuwa na miaka sita, angejua nini? Nilimpigia simu, nikamwomba aandike. Kukwambia wewe nimeshindwa. Kila siku nafungua mdomo, nakuuliza kama chumvi imetosha."

"Mama..."

"Nikasema, kikija hapa utakifunika wewe, na kitabu kipya hakikupiti. Siku kumi na moja nimekaa pale dirishani nasubiri uje uniulize. Nimesoma pole pole ili nisiupite ukurasa ule." Akashika ukingo wa kaunta. "Hukuja."

Nyuma ya mama alikuwa amesimama kijana mwenye filamu ya mbuzi mkononi, akingojea muhuri, Gundi akaipokea akaigonga kwa kuwa hiyo ndiyo kazi iliyokuwa mbele yake.

"Jina lako lilikuwemo," mama alisema kijana alipoondoka. "Kitinda sikumwambia hili. Lilikuwa la kwanza kwenye orodha."

Kitambaa kilimponyoka Gundi. Hakuinama kukiokota.

"Umeitupa ile karatasi?" mama aliuliza.

Gundi alivuta droo. Karatasi ilikuwa chini ya mihuri, na mama alipoipokea aliigeuza upande huu na upande ule, akaipapasa. Gundi alikuwa ameifunika kwa nailoni pande zote mbili, na kuzibana pembe zake nne kwa selotepu isiingie maji, kama watu wanavyofunika vyeti vyao.

Mama aliishika kwa mikono miwili. Miwani ilikuwa imebaki dirishani, kwa hiyo hakuweza kuisoma.

"Nisomee," alisema.

Gundi akaichukua, akaanza kusoma mstari wa kwanza. Hakufika wa pili.