Sweta la Sikudhani

Siku mwalimu Gregori alipoligeuza sweta nje ndani mbele ya darasa, Sikudhani alidhani anakagua maungio. Kumbe alikuwa anatafuta lebo.

"Lebo umeikata ukaitupa wapi?" alimuuliza. "Hili umelinunua mitumbani, pale Kwa Mathias."

Wanafunzi thelathini waliangua kicheko. Sikudhani alisimama kando ya mashine yake ya kufumia. Alikuwa na miezi minane tu katika chuo kile cha ufundi Kibaha, na sweta lile, kazi yake ya mtihani wa ubunifu, aliliandaa kwa wiki tano, chumbani kwake Misugusugu, akifuma na kufumua mpaka vidole vikaota sugu.

Wazo lilimjia kwa kuwatazama watoto wa shule. Asubuhi huvaa sweta kwa sababu ndiyo sare, ikifika saa nne wote wamelifunga kiunoni kwa joto. Akajiuliza kwa nini mtu wa Pwani ashonewe vazi la watu wa baridi. Akaacha sufu, akachukua uzi wa pamba. Mgongoni akaweka matundu madogo ya kupitisha hewa, yaliyopangwa kama ukili wa mkeka, ule aliofundishwa kusuka na bibi yake, Bi Mwamini, huko Marui, Kisarawe. Mara ya kwanza sweta lilivutika likawa kama gunia. Mara ya pili kola ilikataa kulala. Mara ya nne ndipo alipoelewa kwamba pamba ikishavutika hairudi kama sufu, hivyo lazima apunguze vitanzi kiunoni na kwenye mikono. Hakuna aliyemwambia hilo. Alilipata kwa kuharibu.

Yote hayo aliyaandika kwenye daftari lenye vijumba, akamwonyesha mwalimu. Gregori alilifunua kidogo, akasema mtu yeyote anaweza kunakili kutoka kwenye sweta lililokwisha fumwa. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kutosha kusikika nyuma, kwamba hajaona mtoto wa Marui akatoa kazi ya namna ile. Akamwandikia sifuri.

Sikudhani alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara, Madamu Rukaya, akamweleza. Madamu alimsikiliza huku akipanga karatasi, akamwambia arudi Jumatatu, hasira zikishapoa.

Hazikupoa. Jumamosi alikwenda Marui. Bi Mwamini alikuwa ukumbini na ukindu wake, akasikiliza habari yote bila kuinua kichwa. Mwisho aliuliza jambo moja tu: huyo mwalimu, kufuma sweta anajua? Sikudhani alisema anajua.

"Basi anajua kuwa hukulinunua," alisema bibi. "Anakuonea, mjukuu wangu, na anajua anakuonea."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kicheko cha darasa. Mpaka wakati ule alikuwa bado anamtafutia mwalimu udhuru, kwamba labda amekosea. Usiku ule alilala macho wazi.

Jumatatu, ofisini kwa Madamu Rukaya, mwalimu akiwepo, alitoa ombi lake. Madamu alifungie sweta kabatini, yeye apewe uzi na sindano mbili, akae palepale afume jingine la mtoto wa miaka saba. Wa kunakili angeweza kurudia kipimo kilekile. Kupunguza ukubwa huku matundu yakikaa mahali pake ni kazi ya aliyebuni. Gregori alisema huo ni upotevu wa muda. Madamu alimtazama, kisha akafunga kabati kwa ufunguo.

Ilimchukua siku tatu. Walimu waliingia na kutoka, wengine wakimruka miguu. Jumatano alasiri aliweka mezani sweta dogo. Madamu Rukaya alitoa lile kubwa, akayalaza pamoja, akahesabu safu za mgongoni kwa ncha ya kalamu. Akamwita Gregori, akamgeuzia karatasi ya alama. Gregori akafuta sifuri, akaandika themanini na mbili.

"Haya, yameisha," alisema. "Tusiyakuze mambo."

"Hayajaisha, mwalimu," alisema Sikudhani. "Ulinitukana mbele ya watu thelathini. Unanisafisha mbele ya mmoja."

Gregori alijibu kwamba mwalimu hamwombi radhi mwanafunzi. Sikudhani akamgeukia Madamu, lakini Madamu alikuwa amekwisha rudi kwenye karatasi zake, akamshauri ashukuru kwa alama alizopata. Ashukuru! Kwa kurudishiwa kilichokuwa chake!

Aliyachukua yale masweta mawili, akaenda darasani, akayatandaza juu ya meza ya mbele. Akawaambia wenzake kwamba yote mawili ameyafuma yeye, na kwamba idara imekubali. Zubeir, aliyecheka kuliko wote, aliinamisha uso. Nuria, wa mashine ya jirani, alisogea, akapitisha kidole kwenye matundu ya mgongoni, akauliza aliwezaje kuzuia pamba isivutike.

Sikudhani alivuta stuli, akaanza kumweleza. Mwalimu Gregori, aliyekuwa amefika mlangoni, alisimama kidogo akisikiliza, kisha akaondoka.

Mpaka leo hajaomba radhi. Na Sikudhani hajamsamehe.